Sikuja kunywa soda: kisa cha wapanda mikoko wa Tudor

Ujumbe uliingia kwenye simu yangu Jumamosi usiku, baada ya isha. "Mlinipa soda na tisheti. Sikuja kunywa soda." Hapakuwa na salamu wala jina, lakini nilijua umetoka kwa nani. Alikuwa fundi seremala wa mtaa ulio juu kidogo ya ufuo tuliokuwa tukipanda mikoko, mtu wa miraba minne, kiziwi tangu utotoni. Asubuhi ile alikuja na jirani yake, amevaa raba kuukuu, suruali kaikunja hadi magotini, tayari kwa matope. Mimi ndiye niliyemketisha kivulini.

Wenzangu wanaoratibu kazi za kujitolea hapa Mombasa huniuliza mbona tulibadilisha karibu kila kitu baada ya siku iliyofana vile. Picha zilifana, kweli. Siku yenyewe haikufana, na sehemu kubwa ya lawama ni yangu.

Kikundi chetu ni kidogo, hakina hata ofisi. Tunapanda mikoko kando ya mkono wa bahari wa Tudor, ule unaoingia nyuma ya kisiwa. Mikoko ya huku ina taabu zake: hukatwa kuni na boriti, na maji machafu ya mji mzima humiminikia humo humo. Mwezi wa Mei ule tulipata mfadhili wa kununua miche, tisheti na vitafunio. Tukatengeneza fomu ya mtandaoni, kwa Kiingereza, maana mfadhili angetaka kuiona. Iliuliza jina, baruapepe, saizi ya tisheti, na chini kabisa palikuwa na kisanduku cha kutia alama: "Nathibitisha kuwa nina afya njema ya kufanya kazi nzito." Nafasi 60 zilijaa kwa siku mbili. Tulifurahi sana.

Waliokuja walikuwa wanafunzi wa vyuo na wafanyakazi wa maofisini, wengi kutoka Nyali na Bamburi. Watu wazuri, sina neno nao. Ila mita chache nyuma yetu, kwenye nyumba za mabati zinazotazamana na mikoko, watu walisimama milangoni wakituangalia kama majirani wanaoangalia arusi ambayo hawakualikwa. Sikulifikiria hilo. Nilifikiri wanatushangaa kwa kuchafuka matope bure.

Tuliwaita watu saa moja asubuhi. Ajuaye bahari ataniuliza kwa nini, maana mikoko hupandwa maji yakiwa yamepwa, na siku za bamvua, yaani bahari inapojaa na kupwa zaidi ya kawaida, hapa Mombasa maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa kwenye saa kumi alasiri. Huwezi kuteremka kabla ya saa mbili unusu au saa tatu ukapata pa kusimama. Saa moja ilikuwa ya hotuba. Tulikuwa na wageni wanne wa kusema, na mpiga picha aliyetaka jua la asubuhi.

Fundi alipofika na jirani yake, jirani akanieleza kwa mdomo huku mikono yake ikimtafsiria: huyu hasikii, lakini anataka kupanda. Nikawaza filimbi. Utaratibu wetu ulikuwa huu: maji yakianza kugeuka, mimi napuliza filimbi na kila mtu anarudi ufuoni. Hatasikia, nikasema moyoni, maji yatamkuta huko. Uamuzi wenyewe haukuchukua hata sekunde tano. Nikamgeukia jirani: "Mwambie apumzike pale chini ya mwarobaini, tutamletea soda." Nilisema hivyo mbele yake, kumhusu yeye, bila kumtazama usoni.

Saa tano nikapuliza filimbi. Kusi ilikuwa imeshika, inavuma kutoka baharini, na sauti yote ikarudishwa nyuma yangu. Nusu ya watu waliokuwa mbali hawakusikia. Mwanafunzi mmoja aliniona nimepandisha mashavu akanipungia mkono, akidhani namsalimia. Tukatuma kijana awakimbilie, akazama hadi paja kwenye matope akabaki hapo. Hapo ndipo Fundi aliposimama, akavua tisheti tuliyompa, ile ya rangi ya chungwa, akaipunga juu ya kichwa kwa mikono miwili. Walioko mbali wakaona, wakaanza kurudi. Akaikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti, akaondoka na shati lake.

Haya yote niliyaona kwa macho yangu. Na sikuelewa chochote mpaka ule ujumbe wa usiku.

Mwezi wa Agosti tukarudi kuhesabu miche. Sitataja idadi, kwa sababu hesabu yetu haikuwa ya kitaalamu, lakini hakuhitajika mtaalamu: safu za mbele zilikuwa zimeondoka. Zilizobaki zilikuwa vijiti vyeusi vilivyovaa chaza. Tukiwa tumesimama na daftari, akaja nyanya mmoja na ndoo yake ya kombe za baharini. Tukamwamkia. Akatuitikia, akatazama vile vijiti, akasema: "Nyinyi mwapanda mkoko penye mlilana. Wimbi la huku haliuwachi."

Kwa asiyejua, mikoko si mti mmoja. Mlilana ndio husimama mbele kabisa kupokea wimbi. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya kupinda kama miguu ya kaa na mbegu ndefu za kijani, hukaa nyuma yake. Mkandaa uko juu zaidi, na mchu utauona hata pakavu penye chumvi. Sisi tulikuwa tumenunua mkoko mtupu kwa kuwa ndio unaopatikana kwa wingi na ndio rahisi kuuchomeka, tukaupanda mpaka mbele kwenye mchanga kwa sababu pale matope hayakuwa mazito kwa wageni. Kosa hili si geni, limefanywa katika pwani nyingi za dunia. Nyanya yule alilijua kabla hatujamaliza safu ya kwanza, maana ameokota kombe na kuni pale tangu yu msichana.

"Mbona hukutwambia, nyanya?"

"Nalimwambia kijana mmoja ana kitambulisho shingoni. Akanambia, nyanya, sogea kidogo twapiga picha."

Tulikaa watatu jioni ile, tukafungua daftari, tukaandika upya safari ya mtu tangu anaposikia habari ya kazi mpaka anaposhika mche, ili tuone kila mmoja ameachwa wapi. Nilidhani tutakuta kosa moja kubwa. Tulikuta madogo madogo, kila moja na sababu yake ya maana wakati ule. Fomu ya mtandaoni ilikuwa ya kurahisisha kazi, ikamwacha nyanya na kila asiye na baruapepe. Kiingereza kilikuwa cha mfadhili. Saa moja ilikuwa ya mpiga picha, ikawaacha akina mama wote wa mtaa ule, maana saa moja asubuhi ndiyo saa ya mahamri na mbaazi. Ukiacha karai lako saa hiyo, siku imepotea. Hakuna aliyewafungia mlango. Tuliuweka mlango mahali wasipopita.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu wenye ulemavu kuwa asilimia 2.2 ya Wakenya wa umri wa miaka mitano na zaidi. Kwa hesabu hiyo kati ya watu 60 ungetarajia mmoja, na kweli alitokea mmoja, nikamketisha. Lakini waliokosa nafasi kwa sababu ya saa, fomu na lugha walikuwa mtaa mzima. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia habari ya kazi zinazomfaa kila mtu huwaza ngazi na kiti cha magurudumu tu, kisha husema "kwetu hakuna watu kama hao". Wapo, na pia kuna wengine ambao hujawapa jina.

Sheria nilikuwa naijua. Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2008, na Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 imetaja mahali pa umma, usafiri, taarifa na lugha ya ishara. Jambo la kwanza kabisa inalolitaja, kabla ya majengo na magari, ni mtu kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Mimi nilikuwa nimepitiliza hilo la kwanza nikawa nasubiri siku tutakayokuwa na fedha za majengo. Kumtazama mtu usoni na kumsemesha yeye badala ya jirani yake kungenigharimu nini?

Nilikwenda karakana kwake kumwomba radhi. Sikuwa na jirani wa kunisaidia. Akachukua kipande cha mbao na penseli iliyo sikioni kwake, akanisogezea. Nikaandika kwamba nimekosa. Nikaandika na habari ya filimbi na jinsi nilivyomhofia maji. Akasoma, akaandika chini yake neno moja: "Bendera." Akafikiri, akaongeza: "Mbili." Ya kwanza kujiandaa, ya pili kutoka. Kisha akafunga ule ubao kwenye jiliwa, akaupiga randa mara tatu, maneno yangu yote yakaanguka chini pamoja na maranda. Ule ubao ulikuwa wa mteja.

Nguzo za bendera alitutengenezea yeye. Vitambaa vyekundu vilitoka kwa mshonaji jirani. Siku ya vuli, mwezi wa Novemba, hakuna aliyebaki nyuma kwenye matope, wala wenye masikio mazima.

Kwa ile siku ya Novemba tulianza na kazi yenyewe kabla ya kuwaza watu. Mwezi wa Mei tulikuwa tumesema "kupanda mikoko" kana kwamba ni tendo moja la kuinama na kuchomeka. Tulipoivunja vipande, mlikuwemo kuokota mbegu, kutoa zenye mdudu, kujaza udongo kwenye paketi tupu za maziwa, kusukuma mkokoteni, kutoboa mashimo, kuvuta kamba ya kupimia nafasi, kuandika, kulinda maji, kupika chai, na kupiga simu siku mbili kabla. Zaidi ya nusu ya kazi haigusi matope kabisa, na ile ya kitalu hufanywa kivulini, wiki nzima, saa yoyote. Akina mama wa mahamri walijaza paketi alasiri, watoto wakiwa kwenye mkeka kando yao.

Mwito uliandikwa kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, ukasomwa msikitini baada ya swala ya Ijumaa na kanisani Jumapili, mzee wa mtaa akaupeleka nyumba kwa nyumba, na ukarekodiwa kwa sauti kwa wanaotumia WhatsApp lakini hawasomi. Tuliwaita watu saa mbili unusu. Hotuba zikafutwa. Mgeni mmoja alikasirika, tukampa mche. Kazi ilimalizika kabla ya adhuhuri. Wanawake waliomba sehemu yao ya kupanda na mahali pa kubadilisha nguo. Leso nne na kamba zilitosha, na wakaja wengi, wengine na buibui zao ndani ya mfuko.

Kile kisanduku cha afya njema tukakitoa. Mahali pake tuliuliza, kwa mdomo au kwa simu: kuna jambo tulifanye ili kazi ikufae? Sikutarajia majibu tuliyoyapata. Mmoja alitaka tu kujua kama kuna choo. Mwingine aliuliza kama anaweza kufanya saa moja akaenda zake. Na binti mmoja wa chuo, ambaye Mei alikuwa nasi tangu mwanzo hadi mwisho, akaeleza kwamba ana selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, anahitaji maji mengi na kupumzika, asichoke kupita kiasi. Mei alitia alama kwamba ana afya njema, akafanya kazi juani, akalala siku tatu kwa maumivu. Hatukujua. Tulimlazimisha aseme uongo ili apate ruhusa ya kutusaidia.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa nauli. Mfadhili aliona kwamba ukimpa mtu nauli hajitolei tena, umemwajiri. Niliwahi kufikiri hivyo hivyo. Lakini bajeti ya kwanza ilikuwa na mafuta ya gari letu waratibu, wala hakuna aliyesema tumeajiriwa. Mtu anayetoka Likoni huvuka feri bure akiwa kwa miguu, kisha matatu, pengine mbili, kwenda na kurudi. Kwa kibarua asiyelipwa Jumamosi hiyo, anatoa jasho na pesa juu yake. Tukafuta tisheti mpya, fedha ikaenda kwenye nauli, na tukaituma usiku wa kuamkia siku ya kazi, kwa simu, kwa kila aliyeomba. Kurudishia nauli baadaye hakumsaidii asiyekuwa nayo asubuhi. Walioomba wakaja karibu wote. Waliochukua wasije walikuwa wawili, na mmoja wao aliirudisha.

Kutoka huko Likoni alikuja dada mmoja wa kiti cha magurudumu. Kwenye feri hana tatizo kubwa isipokuwa msukumano. Taabu ni ng'ambo, maana makanga wakiona kiti huona abiria wawili, au hawamwoni kabisa. Tulimkodishia tuktuk, akagawana na mama mwingine mwenye mtoto. Na hapa nikakosea tena. Nilimwandalia meza, daftari na mwavuli, nikajiona nimefanya la maana. Akaandika vizuri asubuhi yote. Maji yalipoanza kurudi akaniuliza, bila hasira: "Wewe siku ya kwanza ulipewa daftari?" Hapana, niliingia matopeni, nikafurahi kama mtoto. Akasema yeye hajauona mkoko hata mmoja karibu, anaandika tu namba zake.

Alasiri maji yakajaa. Mvuvi mmoja akaleta mtumbwi mpana hadi penye ukingo. Tulipotaka kumnyanyua haraka haraka alitusimamisha, akatuonyesha mmoja ashike wapi na mwingine wapi, na nani ahesabu. Akakaa mbele, akaenda na mvuvi kati ya milango ya mikoko mikubwa, akarudi na mbegu tatu mapajani alizoziokota zikielea. Sasa ni mtu wa kuokota mbegu kwa mtumbwi. Daftari limechukuliwa na mwanafunzi mmoja anayechukia matope na alikuwa akiona haya kusema.

Nyanya naye hakushika mche hata mmoja. Alitembea ukingoni na fimbo yake, akielekeza: hapa mlilana, huku rudini nyuma, pale msiguse pataota penyewe. Hilo la mwisho lilimuudhi mpiga picha wetu, maana ndipo penye mandhari. Mlilana ile mingi ingali imesimama.

Lakini nisionekane nauza kisa kwa faida yake. Yapo mazungumzo siku hizi kwamba tuwashirikishe watu wote kwa kuwa wana ujuzi tunaouhitaji, na kweli nyanya alikuwa nao, na Fundi alikuwa na bendera. Yule dada wa Likoni hakuokoa chochote. Alitaka kuuona mkoko. Binti wa selimundu alipanda michache kuliko wote. Kama hatua yetu ingesimama kwa wenye faida tu, wawili hao wangeachwa tena, safari hii kwa heshima.

Na lipo ambalo hatujalimaliza. Siku ya Novemba tulimlipa mkalimani wa lugha ya ishara kwa saa tatu, akatufaa sana wakati wa maelekezo. Saa zake zikaisha tukiwa tunakaa kunywa chai ya tangawizi. Watu walikuwa wanaangua vicheko juu ya yule kijana aliyezama Mei hadi paja. Fundi alikuwa anatazama midomo, mmoja baada ya mwingine, kila akimfikia mwenye kusema huyo ameshamaliza. Akatoa simu akaniandikia, nami nimekaa hatua moja kutoka kwake: "Kazi naielewa. Kucheka ndiko kunakonipita."

Fedha za mkalimani wa kila wiki hatuna. Kwa hiyo Jumanne jioni, akishafunga kazi, huwa tunakwenda karakana kwake watu wanne, tunakaa juu ya mbao, anatufundisha. Nilimpelekea orodha yangu ya maneno ya kuanzia: maji, hatari, simama, rudi, mche. Akaisoma, akaiweka kando. Wiki iliyopita tulijifunza samaki, deni na mama mkwe.